Mizeituni ya Kesses

Mvua za Aprili zilipoanza tulikuwa watu kumi na wanne kando ya bwawa la Kesses, na majembe tisa. Kikundi chetu hakijaandikishwa popote. Ni vijana wa hapa stejini, wanafunzi wachache, mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, na mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu karo iliponishinda. Kazi yetu ni kupanda miti ya kienyeji karibu na maji, pale ambapo mikaratusi imekunywa mpaka ikabaki matope.

Siku hiyo mwenzetu mmoja alikuja na bendera ya Palestina, ndogo tu, ya kushonwa na fundi wa hapa mtaani, akaifunga kwenye kijiti. Miche aliyoleta ilikuwa ya mzeituni mwitu, ule Wanandi wanauita emitiot. Akatueleza kwamba huu mzeituni wetu wa msituni na ule wa Palestina ni spishi moja, Olea europaea. Wenzetu walioko kule wamekuwa wakiulima kwa mafuta tangu zamani sana, sisi wetu tumeuacha porini, tukitaka kuni nzuri au nguzo ndipo tunaukumbuka. Basi akasema tuipande kwa ajili ya mashamba ya Gaza.

Mzee mmoja aliyekuwa anapitisha ng'ombe akasimama. Akaitazama bendera, akaitazama miche.

"Vijana, hiyo ni bendera ya wapi?"

Tukamwambia.

"Sawa. Na hapa, mnajua palikuwa pa nani kabla ya miwati?"

Tukanyamaza. Hata wale waliozaliwa hapa walinyamaza. Mzee akacheka, akaswaga ng'ombe wake, akaenda zake.

Swali lile lilinikera wiki nzima, kwa sababu nilijua jibu nusu nusu tu. Nikaanza kusoma. Nilichokipata ni kwamba mzee hakuwa anatutoa kwenye mada. Historia ya Palestina na historia ya uwanda huu wa Uasin Gishu zimewahi kukutana, tena mezani, kwa barua na kwa kura.

Tuanze na reli. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu Desemba 1901. Ilikuwa imekula pesa nyingi sana za Waingereza, na haikuwa na mzigo wa maana wa kubeba. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1902, waziri wao wa makoloni, Joseph Chamberlain, akaipanda garimoshi hiyo. Akaziona nyanda za juu: baridi, rutuba, na machoni pake, tupu. Alichotaka ni watu weupe wa kulima ili reli ijilipe.

Aprili 1903, kule Kishinev, mji uliokuwa chini ya Urusi wakati huo na leo ni mji mkuu wa Moldova, Wayahudi walivamiwa majumbani mwao. Karibu watu 50 waliuawa. Theodor Herzl, mwandishi wa habari wa Vienna aliyeongoza harakati za Kizayuni, alikuwa anatafuta haraka mahali pa kuwakimbizia watu wake. Hapo haja mbili zikakutana. Tarehe 14 Agosti 1903 Wizara ya Mambo ya Nje ya Uingereza ikaandika barua ya kukubali Wayahudi wapewe eneo la kukaa Afrika Mashariki, wajitawale katika mambo yao ya ndani, chini ya Uingereza. Siku tisa baadaye Kongamano la Sita la Wazayuni likafunguliwa Basel, Uswisi. Wajumbe wakapiga kura kama watume watu wa kuikagua ardhi hiyo: 295 wakakubali, 178 wakakataa. Wajumbe wengi wa Urusi, watu wa nchi ile ile yenye Kishinev, wakatoka ukumbini, wengine wakilia. Walitaka Palestina, si kwingine.

Vitabu vinauita Mpango wa Uganda, na jina hilo linawapoteza watu hadi leo. Sehemu ya mashariki ya Uganda ilikuwa imeshahamishwa mwaka 1902 na kuingizwa katika eneo ambalo sasa ni Kenya. Ardhi yenyewe ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, maili za mraba kama 5,000. Yaani kwetu.

Januari 1905 wakaguzi watatu wakashuka Mombasa: Meja Gibbons, Mwingereza, Alfred Kaiser, Mswisi, na Nahum Wilbusch, mhandisi Myahudi kutoka Urusi. Wakazunguka uwandani majuma kadhaa. Gibbons aliona panaweza kukaa watu kiasi. Wilbusch aliona hapafai kabisa. Walowezi wa Kizungu waliokuwa tayari Kenya, Lord Delamere akiwa mbele, walikuwa wameshapiga kelele kwamba hawawataki Wayahudi. Mwaka huo huo Kongamano la Saba likaikataa Uasin Gishu, na macho yakarudi Palestina.

Sasa hebu urudi kwenye orodha hiyo yote uangalie nani hayumo. Kuna waziri, mwandishi, wajumbe, meja, mhandisi na lodi. Hakuna Mnandi wala Mmaasai aliyealikwa Basel au kuulizwa chochote. Sababu ilikuwa rahisi: uwanda ulihesabiwa kuwa mtupu.

Lakini utupu ule ulikuwa na historia yake. Jina Uasin Gishu lenyewe ni la Wamaasai wa ukoo huo, waliotawanywa na vita vya Wamaasai kwa Wamaasai katika karne ya 19. Kabla yao wazee wanawataja Wasirikwa, ambao mashimo yao bado yanaonekana kwenye vilima vya huku. Baada yao Wanandi wakawa wanalisha ng'ombe wao uwandani. Malisho hayajengewi ukuta. Ng'ombe wakishahamishwa, mgeni akipita juu ya farasi ataona nyasi tu, na ataandika kwenye daftari lake kwamba hakuna mtu.

Na wenyewe hawakuwa wamelala. Wanandi walikuwa wamepigana na Waingereza tangu 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905, miezi michache tu baada ya Basel kusema hapana, kiongozi wao, Orkoiyot Koitalel arap Samoei, akapigwa risasi na kuuawa na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Afisa alisema alikuwa anajitetea. Wanandi wamesimulia miaka yote kwamba Koitalel aliitwa kwa mazungumzo ya amani. Mabaraza ya uchunguzi yalimsafisha Meinertzhagen, lakini mwaka 1906 akaondolewa Kenya. Nyuma yake msafara wa kijeshi ulikuwa umeua Wanandi zaidi ya elfu moja na kuchukua ng'ombe zaidi ya 16,000, na waliobaki wakasukumwa kwenye eneo walilotengewa.

Jina la Meinertzhagen kila mtoto wa Nandi analisikia mapema. Mimi nilichokuwa sijui ni alikokwenda baadaye. Mwaka 1917 alikuwa Palestina, afisa wa ujasusi katika jeshi la Jenerali Allenby. Mwaka 1919 akawa afisa mkuu wa siasa wa Uingereza huko, na alikuwa mtetezi mkubwa wa Uzayuni kuliko karibu maafisa wenzake wote. Mwaka 1920 akaondolewa kwa kumpita mkubwa wake. Na kumbe huyu huyu alikuwa anajulikana duniani kama mpenzi wa mazingira! Yule nguruwe mkubwa mweusi wa misitu yetu ana jina lake la kisayansi, kwa sababu yeye ndiye aliyempeleka London mwaka 1904 kutoka huku. Alikusanya ndege kwa maelfu. Miaka mingi baada ya kufa kwake wataalamu wakagundua kwamba ndege wengi katika mkusanyo wake aliwaiba makumbusho, akawabadilishia lebo za mahali walikotoka.

Hapo kwa lebo nilikaa sana. Mtu anachukua kilichokuwepo, anabandika karatasi mpya, na anayekuja kusoma baadaye anaamini karatasi.

Baada ya Wayahudi kukataa, Uasin Gishu ikapewa Makaburu. Mwaka 1908 msafara wa van Rensburg ulifika na magari ya ng'ombe kutoka Nakuru. Mashamba yakapimwa na kupewa namba. Shamba namba 64 likawa kituo, watu wakaliita Sisibo kwa kuiga Kiingereza, na mwaka 1912 likaitwa Eldoret. Kisha ikaja miti. Muwati ni mti wa Australia, hukua haraka, na baada ya miaka minane hadi kumi unamenywa magome ambayo hutoa dawa ya kulainisha ngozi. Mti uliobaki unachomwa makaa. Kampuni ya EATEC ilipanda miwati hekta kwa hekta, Kesses ikiwemo, na kuwa na kiwanda Eldoret. Wazee wa hapa hawapimi miaka kwa marais, wanapima kwa EATEC: kabla ya EATEC, wakati wa EATEC, EATEC ilipouza.

Chuo Kikuu cha Moi kilipoanzishwa mwaka 1984, kiliwekwa Kesses kwenye shamba la miwati. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa 83, wote wa idara ya misitu iliyohamishwa kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi. Kwa hiyo hapa kwetu hata elimu ilianzia kwa miti.

Kwa nini narudia miti? Kwa sababu kule Palestina pia miti ilipewa kazi. Mfuko wa Taifa wa Kiyahudi, JNF, ulianzishwa Basel Desemba 1901, miaka miwili kabla ya ile kura ya Uasin Gishu. Ulichangisha pesa duniani kote kununua ardhi Palestina na kupanda miti. Kwa hesabu yake wenyewe umepanda zaidi ya milioni 240, misonobari ikiwa mingi. Msonobari ni kama muwati: unashika haraka, unafunika haraka.

Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au walikimbia, na vijiji vyao zaidi ya 400 vikabomolewa. Juu ya vingi vikapandwa misitu. Kijiji cha Lubya, Galilaya, kiko chini ya msitu ambao sehemu yake inaitwa Msitu wa Afrika Kusini, kwa sababu pesa zilichangwa huko. Mwaka 1967 vijiji vya Imwas, Yalo na Beit Nuba, karibu na barabara ya Jerusalem, vilibomolewa na watu wake kufukuzwa. Leo pale pana bustani ya mapumziko iliyopandwa kwa michango ya Kanada, familia zinaenda kuchoma nyama. Agosti 2021 moto mkubwa ulichoma misonobari kwenye vilima vya magharibi ya Jerusalem. Moshi ulipoondoka, matuta ya mawe ya wakulima wa zamani yakaonekana kilima kizima, ngazi juu ya ngazi. Hakuna aliyeyachimbua. Yalikuwepo tu, chini ya majani ya msonobari.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema vikundi vya mazingira vinaingilia siasa vikiitaja Palestina. Novemba 12, 2023, kwenye maandamano ya tabianchi Amsterdam, Greta Thunberg alipowapa Wapalestina nafasi ya kuzungumza, mwanamume mmoja alipanda jukwaani akamnyang'anya maikrofoni, akisema yeye amekuja kwa mambo ya hali ya hewa, si siasa. Nadhani alisema kwa moyo. Lakini UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitoa ripoti Juni 2024 likikadiria kifusi cha tani milioni 39 huko Gaza. Mwaka 2025 FAO na wenzao wanaosoma picha za setilaiti walisema zaidi ya asilimia 80 ya ardhi ya kilimo ya Gaza imeharibiwa. Udongo, maji na mizeituni vikiharibiwa hivyo, kama hiyo si habari ya mazingira, basi sisi na miche yetu tunafanya nini?

Nasema haya nikijua yaliyotokea Oktoba 7, 2023, wakati watu kama 1,200 waliuawa Israeli na wengine kutekwa. Kumlilia aliyeuawa Kishinev, au aliyeuawa siku hiyo, hakunizuii kumlilia wa Gaza. Wala sisahau kwamba kwa vijana wa huku Israeli ni jina la kazi. Desemba 2023 serikali yetu ilitangaza kupeleka watu 1,500 wakafanye kazi za shamba huko. Mmoja wa wale kumi na wanne wa bwawani aliulizia nafasi. Hatukumfukuza kikundini. Ana watoto wawili.

Lakini sehemu ngumu ya swali la mzee haiko Amsterdam wala Gaza. Siku moja baada ya ile maikrofoni, Novemba 13, 2023, Kenya ilikuwa na sikukuu ya kupanda miti, lengo likiwa miche milioni 100 kwa siku, kwenye mpango wa miche bilioni 15 ifikapo 2032. Nilipanda, nikapiga picha, nikaiweka kwenye simu. Mwezi huo huo, kule Sasimwani katika msitu wa Mau, nyumba za Waogiek zilikuwa zinabomolewa ili msitu uokolewe. Hawa ni watu ambao Mahakama ya Afrika kule Arusha iliwapa haki tarehe 26 Mei 2017, ikasema serikali haikuonyesha kwamba wao ndio walioharibu msitu.

Na karibu zaidi na sisi kuna Embobut, kwenye vilima vya Cherang'any. Januari 2014 nyumba za Wasengwer zilichomwa kwa jina la kulinda chemchemi za maji. Januari 2018 mwanamume mmoja wa Sengwer alipigwa risasi akafa, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha pesa za mradi wake wa maji. Maji ya Cherang'any tunayanywa sisi wa uwandani. Sijawahi kuona kikundi chetu, wala kingine ninachokijua cha hapa, kikifunga bendera kwenye kijiti kwa ajili ya Embobut. Palestina ni mbali na haituombi chochote. Embobut inaweza kutuuliza tunapata wapi miche, na nani anatudhamini chai siku ya kupanda.

Kuna hatari nyingine, na sitaipita kimya kwa sababu mimi ni mtoto wa Uasin Gishu. Swali la "palikuwa pa nani" limewahi kuua watu hapa. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Waliolichoma nao walikuwa na historia mdomoni, ya mashamba na ya nani alitangulia. Kwa hiyo nikiuliza nani alikuwepo, siulizi ili nimtoe aliyepo. Herzl alikuwa na sababu ya kweli ya kutafuta pa kuwakimbizia watu wake. Kosa lilianza pale ardhi ya mtu mwingine ilipoandikwa tupu, na kosa hilo linaweza kufanywa na Mwingereza, na Mzayuni, na afisa wa misitu, na jirani yangu mwenye panga, na mimi mwenye mche.

Nilimtafuta yule mzee baadaye, nikamkuta dukani anakunywa soda. Nikamwamkia, nikamwambia, "Kugo, nimerudi na jibu." Nikamweleza habari za Wasirikwa, Wamaasai, Wanandi, ile barua ya 1903, Makaburu, EATEC. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia yeye alimenya magome ya miwati akiwa kijana, akilipwa kwa furushi, na kwamba kwenye shamba alilokuwa anamenya kulikuwa na mahali msimamizi alikataza kupanda kwa sababu jembe lilikuwa likigonga mawe ya jiko. "Mawe matatu," akasema. "Ya nani, hatukuuliza. Tulipanda kando."

Mwezi uliofuata tulikutana tena bwawani, safari hii watu tisa. Kabla ya kushika jembe tukakubaliana jambo moja, na ndilo pekee tumeliandika kwenye daftari la kikundi: hatupandi mahali bila kuuliza kwanza nani analisha, nani anachota maji, na nani alihamishwa. Bendera bado ipo, imepauka. Chini yake sasa pana kibao cha mbao chenye majina mawili kwa rangi ya mafuta, Gaza na Embobut. Kijana mmoja alilalamika kwamba hilo la pili litatuletea shida na watu wa ofisi. Inawezekana.

Miche ya mzeituni tuliyopanda ilikuwa 60. Hadi nilipohesabu mara ya mwisho, 34 ilikuwa imeshika. Mingine ililiwa na ng'ombe, na nina hakika wengine walikuwa wa yule mzee.